Jua Liwashe Taa, Upepo Uvute Maji

Usiku katika nyumba nyingi za skimu huanza saa moja na kwisha saa tatu. Si kwa sababu watu hawana la kufanya. Mtoto ana kazi ya shule, mama ana mboga za kuchambua, baba angependa kusikiliza habari katika redio. Lakini mafuta ya taa ni ghali, na koroboi ikizimwa nyumba nzima imelala.

Mkulima ana njia tatu za kuliondoa giza hili. Anaweza kuendelea kununua mafuta. Anaweza kungojea waya za stima zifike kwake. Au anaweza kutumia jua na upepo, vitu ambavyo hupita juu ya shamba lake kila siku wala hakuna mtu wa kumtoza fedha kwa ajili yake. Habari hii ni ya njia hiyo ya tatu. Wakulima wengi wa Bahati, Subukia, Njoro, Molo na Mau Narok wamekwisha kuifuata. Wako waliofaidika sana, na wako waliopoteza fedha za maziwa za miezi mingi kwa sababu walinunua kitu kisichofaa, au walinunua kilicho kizuri wasikitunze.

Neno letu kubwa ni hili, na yafaa tuliseme mapema. Katika nchi yetu hii ya Bonde la Ufa, jua ndilo la kuwasha taa. Upepo ni wa kuvuta maji, na hata hivyo si kila mahali. Mtu akija kukuuzia mashine ya upepo ya kuwasha taa za nyumba moja, mwulize maswali mengi kabla ya kutoa hata shilingi.

FEDHA ZINAZOCHOMWA

Hesabu ya mafuta ni rahisi. Mwezi wa Septemba, 2023, lita moja ya mafuta ya taa iliuzwa Nairobi kwa zaidi ya shilingi 200. Nyumba inayotumia lita moja kwa juma, kwa bei ya namna hiyo, huchoma zaidi ya shilingi 10,000 kwa mwaka, na mwisho wa mwaka hakuna kilichobaki isipokuwa masizi ukutani. Zaidi ya fedha, uko moshi unaoingia katika macho na vifua vya watoto, na iko hatari ya moto. Tena mafuta yakiwekwa katika chupa ya soda, mtoto mdogo huyanywa akidhani ni maji. Madaktari wanalijua sana jambo hili.

Je, tungojee waya? Serikali ilianza mpango wa kupeleka stima mashambani mwaka wa 1973. Mwaka wa 2015 ada ya kuunganishiwa stima ilipunguzwa kutoka shilingi 35,000 hadi shilingi 15,000 kwa nyumba zilizo karibu na transfoma, yaani umbali usiozidi mita 600. Kama nyumba yako iko ndani ya umbali huo, shauri letu ni kwamba uvute waya. Stima ya waya hufanya kazi nzito ambazo paneli ndogo haiziwezi, kama vile kusaga, kukata majani ya ng'ombe na kupoza maziwa. Lakini nyumba nyingi za skimu ziko mbali zaidi. Katika hesabu ya watu ya 2019, karibu nusu tu ya nyumba zote za Kenya zilikuwa zikiangazwa kwa stima ya waya, na karibu nyumba moja katika kila tano ilikuwa ikiangazwa kwa jua.

Wakulima wa Naivasha na Gilgil huuliza kwa nini waya kubwa zinazotoka Olkaria, ambako stima imekuwa ikitolewa katika mvuke wa ardhini tangu 1981, hupita juu ya vichwa vya watu wasio na taa. Ni swali la haki. Jibu ni kwamba waya zile huchukua stima ya volti 132,000 na hata 220,000, na taa ya nyumbani yataka 240 tu. Kuipunguza stima ile kwahitaji kituo kizima chenye mashine za mamilioni ya shilingi. Huwezi kutundika waya wako pale.

JUA LILIVYOINGIA KENYA

Chombo cha kugeuza nuru ya jua kuwa stima kilionyeshwa Marekani mwaka wa 1954 na wataalamu wa Bell Laboratories. Mwaka wa 1958 kilikuwa kimekwisha kurushwa angani katika chombo kidogo kilichoitwa Vanguard 1. Siku zile bei yake ilikuwa kubwa mno, na hakuna aliyefikiri kwamba siku moja kitawekwa juu ya bati la nyumba ya mkulima.

Huku kwetu habari yake ilianzia shuleni. Mwaka wa 1984 mwalimu mmoja Mmarekani, Mark Hankins, pamoja na mhandisi Harold Burris, walitia stima ya jua katika shule ya Harambee ya Karamugi, katika Meru. Mafundi wa hapo hapo wakafundishwa kazi. Wakulima wa pande za Mlima Kenya walipoona shule ina taa, wakataka za namna ile nyumbani kwao. Walinunua kwa fedha zao wenyewe, dukani, kipande kwa kipande: msimu huu paneli, msimu ujao betri, mwisho televisheni. Ndivyo Kenya ilivyopata sifa kati ya nchi za Afrika kwa sola ya majumbani. Mkulima ndiye aliyeanza kuinunua kabla ya mipango mikubwa kumfikia.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbio. Mwaka wa 2011 kiwanda cha kutengeneza paneli kilianza kazi Naivasha, katika kaunti yetu ya Nakuru. Mwaka wa 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza taa za jua kwa malipo ya kidogo kidogo, mtu akilipa kwa M-Pesa. Na katika miaka kumi iliyofuata 2010 bei ya paneli katika masoko ya dunia ilishuka kwa karibu sehemu tisa katika kumi.

Kuhusu malipo hayo ya kidogo kidogo, fanya hesabu kwanza. Tuseme umeambiwa utoe shilingi 3,000 mwanzo, kisha shilingi 50 kila siku kwa mwaka mmoja. Hamsini mara siku 365 ni 18,250. Ukiongeza zile za mwanzo utakuwa umelipa 21,250. Sasa nenda dukani Nakuru ukaulize bei ya vyombo vile vile kwa fedha taslimu. Tofauti utakayoiona ndiyo bei ya kukopeshwa. Si vibaya kukopa, na wengi wasingepata taa bila mkopo huo, lakini yafaa mtu ajue analipa nini. Tena usipolipa, chombo hujifunga chenyewe na nyumba hurudi gizani. Mkulima anayepata fedha za maziwa mara moja kwa mwezi na aulize kama anaweza kulipa kwa mwezi. Shilingi hamsini ya kila siku, ifikapo tarehe ishirini, mara nyingi hutoka katika fedha za unga.

PIGA HESABU KABLA YA KWENDA DUKANI

Watu wengi huingia dukani wakasema, "Nataka sola." Mwenye duka huwauzia kile alicho nacho. Mkulima hanunui mbolea hivyo, wala asinunue stima hivyo.

Stima hupimwa kwa wati. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 4 imekula 5 mara 4, yaani 20. Tutaita kipimo hiki wati-saa. Basi tuseme nyumba ina taa nne za LED za wati 5 kila moja, nazo zawaka saa 4 kila usiku: jumla 80. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Simu mbili kutiwa chaji ni kama 20. Televisheni ndogo ya wati 20, ile ya volti 12, kwa saa 3 ni 60. Zote pamoja ni wati-saa 190 kwa siku.

Stima nyingine hupotea katika betri na waya, kwa hivyo ongeza theluthi moja. Utapata kama 250. Sasa tazama jua. Kwa siku njema ya Nakuru, paneli hufanya kazi kana kwamba jua kali limesimama juu yake kwa saa tano. Gawanya 250 kwa 5: yatosha paneli ya wati 50. Lakini mwezi wa Julai, huko Molo, Mau Narok na Kinangop, ukungu hukaa hata saa nne asubuhi na mawingu hurudi mchana. Hapo hesabu saa tatu na nusu tu. Gawanya 250 kwa tatu na nusu: unapata zaidi ya 70. Basi mtu wa huko juu anunue paneli ya wati 80, na mtu wa Rongai anaweza kuridhika na ndogo zaidi. Jirani yako wa bondeni akikuambia yake yamtosha, usiige tu.

Sasa betri. Itakupasa kuweka stima ya usiku mbili, kwa ajili ya siku ya mawingu: 190 mara mbili ni 380. Betri ya risasi na asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu yake, kwa hivyo yahitaji kushika mara mbili ya hiyo, yaani 760. Gawanya kwa volti 12 upate kama ampea-saa 63. Chukua ya 70. Kama ni betri ya lithiamu, yaweza kutumiwa hadi sehemu nne katika tano bila kudhurika, nayo ya 40 itatosha. Ni ya bei kubwa zaidi lakini huishi miaka mingi zaidi. Kwa mtu mwenye uwezo wa kulipa mara moja, siku hizi sisi twaona lithiamu ndiyo rahisi mwishowe.

Neno moja kuhusu pasi ya stima, birika na jiko la koili. Pasi ni wati 1,000. Nusu saa ya kupiga pasi nguo za kanisani hula 500, zaidi ya matumizi yote ya nyumba ile kwa siku mbili. Sola ya ukubwa huu haipigi pasi wala haipiki. Anayekuambia yapika anataka kukuuzia nyingine kubwa.

NAMNA YA KUMTAMBUA MDANGANYIFU

Mwaka wa 1999 wataalamu wa Marekani, kati yao Arne Jacobson na Daniel Kammen, walipima paneli ndogo zilizokuwa zikiuzwa Kenya. Waliona kwamba aina nyingine zilitoa kama zilivyoandikwa, na aina nyingine zilikuwa chini sana ya maandishi yake. Waliotengeneza zile mbaya walipojulikana, mambo yalitengenea kidogo, kisha baada ya miaka michache zikaingia nyingine mbaya. Hivyo ndivyo biashara ilivyo.

Mkulima hana mashine ya kupimia, lakini ana mkono na ana kipimo cha fundi seremala. Paneli nzuri ya siku hizi hutoa wati 150 hadi 200 na zaidi kidogo kwa kila mita mraba moja. Basi paneli ya wati 100 hapana budi iwe kama nusu ya mita mraba au zaidi. Ukionyeshwa paneli ya ukubwa wa sinia ya chai imeandikwa wati 100, rudisha fedha mfukoni. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30. Ukiiinua kwa mkono mmoja kama kuku, ujue ndani yake risasi ni haba.

Tazama alama ya KEBS, ambalo ni shirika la kukadiria ubora wa bidhaa. Dai risiti yenye jina la duka na muda wa dhamana. Fundi wa kuweka sola lazima awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na mafuta. Mwambie akuonyeshe leseni yenyewe. Fundi mwenye nayo haoni haya kuitoa.

KUIWEKA JUU YA NYUMBA

Nakuru iko karibu kabisa na Ikweta, hata ukipanda barabara ya Mogotio utaipita. Kwa sababu hiyo jua hupita juu ya vichwa vyetu, nusu ya mwaka likielemea kaskazini na nusu kusini. Paneli haina haja ya kusimamishwa sana. Iinamishe kidogo tu, kama bati la kawaida, ili mvua iteremke na kuosha vumbi.

Vumbi ni jambo kubwa kwetu. Husemwa kwamba jina lenyewe la Nakuru, katika lugha ya Kimaasai, latokana na vumbi. Kuanzia Januari hadi Machi, futa paneli kila juma kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kabla haijapata moto. Usitumie mchanga wala majivu kama unavyosugua sufuria.

Tena ogopa kivuli. Vipande vya paneli vimefungwa mfululizo, na stima hupita katika kimoja kwenda kingine kama maji katika mfereji. Jiwe moja likiziba mfereji, mashamba yote ya chini hukosa maji. Hali kadhalika tawi moja la mkaratusi likitia kivuli kipande kidogo, paneli nzima yaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kata tawi, au hamisha paneli.

Waya kutoka paneli hadi betri uwe mnene na mfupi. Stima ya volti 12 huchoka upesi ikipita katika waya mwembamba. Mtu huweka waya wa kengele wa mita ishirini hadi zizini, kisha hulaumu taa. Na kati ya paneli na betri hapana budi pawe na kidhibiti cha chaji, kile kijisanduku kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi wala isimalizwe kabisa. Wako wanaokiondoa ili televisheni iendelee mpaka mwisho wa mchezo. Wamebadilisha betri moja kwa mchezo mmoja.

Betri ya gari haifai kazi hii. Vibamba vyake ni vyembamba, vimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi ili kuwasha injini, kisha kujazwa mara moja. Ikimalizwa kila usiku hufa katika miezi. Betri ya kuongezewa maji iongezewe maji safi ya betri yanayouzwa dukani, si maji ya mto wala ya kisima. Iwekwe katika sanduku lenye matundu ya hewa, mbali na moto na watoto, kwa maana hutoa hewa inayoweza kulipuka, na asidi yake huunguza ngozi.

TAA YA KWANZA IWE JIKONI

Arne Jacobson, ambaye tumekwisha kumtaja, alichunguza pia stima ya sola ilikuwa ikitumiwa vipi katika nyumba za Kenya. Aliona kwamba katika nyumba zenye sola ndogo, sehemu kubwa ilikwenda katika televisheni, na kusoma kwa watoto na kazi ya jikoni vilipata kidogo. Jambo hili halitashangaza akina mama wanaosoma gazeti hili. Taa ya kwanza hutundikwa sebuleni, ya pili chumbani, ya tatu nje ya mlango ili jirani aione. Jikoni, ambako mama yuko tangu saa kumi na moja alfajiri, koroboi bado iko pale pale.

Sisi twasema taa ya kwanza iwe jikoni, na ya pili juu ya meza ya mtoto. Ya tatu iwekwe mahali pa kukamulia. Mtu anayekamua alfajiri gizani haoni kama maziwa yana vidonge vya ugonjwa wa kiwele, wala haoni uchafu unaoanguka ndooni. Maziwa yakikataliwa kituoni, hasara ya asubuhi moja ni kubwa kuliko bei ya taa ile. Sebule na ipate ya nne.

HABARI YA UPEPO

Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi watakumbuka vinu vya upepo vyenye mapanga mengi ya bati, vilivyosimama juu ya visima vikivuta maji ya ng'ombe. Vilizunguka polepole vikilia, navyo vilifanya kazi. Basi kwa nini tunawaonya watu juu ya upepo wa kuwasha taa?

Sababu iko katika tabia ya upepo wenyewe. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili. Huongezeka mara nane. Ukipungua nusu, hubaki sehemu moja katika nane. Mashine ndogo yenye upana wa mita moja, katika upepo wa mita 3 kwa sekunde, hutoa wati 3 tu hivi, ambazo hazitoshi taa moja. Katika upepo wa mita 6 hutoa wati 20 na kitu. Karatasi ya muuzaji huandika wati 300 au 400, lakini hizo ni za upepo wa dhoruba. Tena huku kwetu tuko juu sana. Katika mita 2,500 hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja katika tano kuliko pwani, na hewa nyepesi husukuma kidogo.

Tena mashine ya umeme yahitaji upepo usiokatizwa na miti wala nyumba. Mlingoti wake uzidi kwa mita kama kumi kitu chochote kirefu kilicho karibu. Jumlisha bei ya mlingoti, nyaya za kuuzuia, waya wa kuondoa radi na fundi wa kupanda kila mwaka, kisha ulinganishe na paneli ya wati 80 ambayo haina kitu kinachozunguka. Marekani, katika miaka ya 1920 na 1930, wakulima wa nyanda za Montana na kwingineko walinunua sana mashine za upepo za ndugu wawili walioitwa Jacobs. Lakini kule upepo huvuma katika tambarare bila kizuizi, na siku zile paneli hazikuwapo. Serikali yao ilipoanza kupeleka waya mashambani baada ya 1935, nyingi ziliachwa.

Mashine kubwa za upepo ni jambo jingine kabisa. Karibu na Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit, zimesimamishwa 365, zenye uwezo wa megawati 310, zilizozinduliwa rasmi 2019, na stima yake huja kwa waya hadi Suswa, katika Bonde letu hili. Huko upepo wa jangwani huvuma karibu mwaka mzima. Ni kazi ya taifa, si ya boma moja.

KUVUTA MAJI

Katika maji upepo bado una nafasi yake. Kinu cha kuvuta maji huzunguka polepole kwa nguvu nyingi, huanza kwa upepo mdogo, na hakihitaji betri: tangi ndilo betri. Upepo ukilala siku tatu, unachota katika tangi. Mwisho wa miaka ya 1970 kampuni ya Bobs Harries Engineering ya Thika, ikisaidiwa na wataalamu kutoka Uingereza, ilianza kutengeneza kinu kilichoitwa Kijito, nacho kimewekwa mahali pengi penye kiangazi katika Kenya. Kwa bei yake ni kitu cha kununuliwa na shule, kanisa au kikundi cha wakulima wenye kisima kimoja.

Kabla ya kufikiri habari ya kinu, pima upepo wako. Simamisha mti mrefu mahali pa wazi na ufunge kitambaa chepesi juu yake. Kwa miezi mitatu mtoto aandike katika daftari, asubuhi, mchana na jioni. Kitambaa kikinyooka na majani ya miti yakitikisika bila kukoma, upepo ni kama mita 4 au 5 kwa sekunde. Vumbi na karatasi zikiinuka na vijitawi kuyumba, ni 6 na zaidi. Kama siku nyingi kitambaa kimelala, hapana haja ya kuendelea. Watu wa kando ya Ziwa Naivasha wanajua upepo wa mchana unavyovuma kwao, na watu wa Kinangop hawahitaji hata kitambaa.

Hata hivyo pampu ya sola imeanza kuchukua kazi ya kinu. Chukua mfano huu. Ng'ombe wa gredi anayekamuliwa hunywa lita 60 au zaidi kwa siku. Mwenye ng'ombe watano, pamoja na maji ya nyumbani, ahitaji kama lita 600. Kuzipandisha lita hizo kutoka kina cha mita 30, kwa pampu ndogo ya kawaida, hula kama wati-saa 150. Paneli ya wati 100 au 150 huimaliza kazi hiyo kabla ya adhuhuri, bila betri, maji yakiingia katika tangi lililo juu ya zizi. Ng'ombe mwenye maji mbele yake wakati wote hutoa maziwa zaidi kuliko yule anayepelekwa mtoni mara moja kwa siku, na watoto waliokuwa wakibeba madebe huwahi shule.

Lakini kumbuka mambo mawili. Kuchimba kisima kirefu kwahitaji kibali cha mamlaka ya maji, WRA. Tena maji ya chini sana katika Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kiasi kinachokubaliwa ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi. Peleka chupa ya maji ikapimwe kabla ya kulipa fedha za pampu.

MKATABA WA KINANGOP

Upepo una habari moja zaidi inayowahusu watu wa skimu, nayo si ya mashine ila ya shamba. Kinangop, juu ya Naivasha, palikusudiwa kusimamishwa mashine kubwa 38 za kutoa megawati 60.8. Fedha zilikuwa zimepatikana. Lakini wakulima wa pale, wengi wao watoto na wajukuu wa wale waliopewa mashamba katika mpango wa eka milioni moja ulioanza 1962, walikuwa na maswali juu ya fidia, juu ya afya ya watu na mifugo, na juu ya nani atahamishwa. Wengine walikuwa wametia sahihi, wengine hawakutaka kabisa. Majibu hayakuwaridhisha, maandamano na fujo zikatokea, na mwaka wa 2016 kazi ilivunjwa. Upepo wa Kinangop unavuma bure hata leo.

Watu wa upepo na wa sola kubwa watazidi kuja katika nchi hizi kutafuta mahali. Ukifikiwa na mmoja wao, mkataba usomwe na wakili wako mwenyewe, si wakili wa kampuni peke yake. Uulize miaka mingapi, fedha ngapi kwa mwaka, kama zitaongezeka bei za vitu zikipanda, na nani atakayeiondoa mashine itakapozeeka. Kukodisha shamba la kilimo kwahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Kama mkopo wa skimu haujaisha, nenda kwanza kwa wadhamini wa mfuko wa makazi, kwa kuwa cheti bado kimefungwa kwao. Na kwa sheria ya mali ya ndoa ya 2013, mali ya mume na mke haikodishwi bila wote wawili kukubali. Basi mama naye akae mezani siku ya kusoma karatasi, wala asiitwe mwisho kuja kupiga kidole.